ROH, PWG, CHIKARA au SHIMMER: uanze na DVD ipi ya mieleka huru?

Shabiki aliyewajua CM Punk, Daniel Bryan, Kevin Owens na Becky Lynch kupitia WWE hufika siku akagundua kwamba kabla ya fataki na viwanja vikubwa watu hawa walipigana miaka mingi katika kumbi ndogo, mbele ya watu mia kadhaa, na kwamba mapambano hayo yamehifadhiwa kwenye DVD. Moyo unamtuma kuyatafuta. Anafungua orodha, anakuta mamia ya maonyesho, nusu ya majina hayajui, na kila jalada linadai kubeba pambano la mwaka. Anaifunga orodha na kurudi kwa yale anayoyajua.

Mtu huyo ndiye ninayemwandikia. Nimetazama na kutathmini diski hizi kwa muda mrefu, na swali la "nianzie wapi?" ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote. Silijibu kwa jina moja, maana nimeona watu wawili wanaopenda mieleka kwa kiwango sawa wakipewa diski ileile: mmoja akakesha nayo, mwingine akasinzia.

Nimechagua kampuni nne za mieleka huru, yaani zile ndogo zilizo nje ya WWE, huko Marekani, ambazo mgeni hukutana nazo mapema. Ring of Honor, au ROH, ilifanya onyesho lake la kwanza Philadelphia tarehe 23 Februari 2002. Ilizaliwa na biashara ya video: RF Video walikuwa wakiuza kanda za ECW, kampuni nyingine ya mieleka, na ECW ilipokufa mwaka 2001 walihitaji kitu kipya cha kuuza. Hapa naizungumzia ROH ya 2002 hadi 2008, enzi za Gabe Sapolsky kama mpangaji wa mapambano. Pro Wrestling Guerrilla, yaani PWG, ilianzishwa na wanamieleka sita kusini mwa California mwaka 2003. CHIKARA ilianza Pennsylvania mwaka 2002, kazi ya Mike Quackenbush na Reckless Youth, ikafungwa mwaka 2020. SHIMMER ni ya wanawake pekee. Dave Prazak aliianzisha Berwyn, Illinois, mwaka 2005.

Vipimo vyangu ni vitano: jinsi ukumbi unavyokufikia pale ulipokaa, sauti za watangazaji, kama diski inaeleweka bila kujua yaliyotangulia, mieleka yenyewe, na uchovu wa kuitazama mpaka mwisho. Nyota za Dave Meltzer, mwandishi wa habari za mieleka anayeyapa mapambano alama, nazitaja pale zinaposaidia, ila kumbuka kwamba nyota hupewa pambano moja, na wewe unanunua onyesho zima. Pambano la nyota 5 linaweza kuwa limezungukwa na saa mbili za mambo ya kawaida.

Ukumbi

Mieleka bila umati ni nusu ya mieleka, na kazi ya kwanza ya diski ni kukuingiza ukumbini. Hapa tofauti ni kubwa.

Kwa miaka mingi PWG ilifanyia maonyesho yake katika jumba la American Legion huko Reseda, California. Ni chumba kidogo, na hakuna uzio kati ya ulingo na viti. Mtu anapojiandaa kuruka nje ya kamba, mtazame yeye kwa jicho moja na safu ya mbele kwa jicho la pili: watu wanainuka, wanakamata viti vyao na kurudi nyuma wakisukumana, na sekunde moja baadaye miili miwili inatua palepale walipokuwa wamekaa. Kamera iko karibu kiasi kwamba unaona jasho kwenye vipaji vya nyuso vya mashabiki. Kwa kipimo hiki sijaona diski inayokuweka ndani ya chumba kama hizi.

Diski za mwanzo za ROH ni kinyume. Mwanga uko ulingoni, watu wamemezwa na giza, na picha ina ile rangi ya kufifia ya kumbi za michezo za mitaani. Unachopata badala yake ni sauti. Chukua onyesho la New York la tarehe 1 Oktoba 2005, Samoa Joe dhidi ya Kenta Kobashi aliyetoka Japani. Wanasimama katikati ya ulingo wakitazamana, hakuna aliyeinua mkono, na ukumbi tayari unaunguruma. Kisha yanaanza makofi ya kifua. Kila kofi lina mlio wake, na baada ya dakika kadhaa kifua cha Joe kimeiva. Kobashi anamsukuma kwenye kona na kumshushia makofi ya mfululizo, moja juu ya jingine bila pumzi, na umati unayahesabu mpaka sauti zinakatika. Picha ni ya kawaida tu, lakini ukiongeza sauti ya runinga huwezi kukaa ukiwa umeegemea.

CHIKARA ina mwanga wa kutosha, na katika umati utasikia sauti za watoto wakimwita shujaa wao kwa jina. Ukumbi wa SHIMMER wa Berwyn ni mdogo na wenye utulivu; mashabiki wanasikiliza, na mara nyingi unasikia maneno ambayo wanamieleka wanatupiana. Wengine huuona ubaridi. Mimi nauona kama heshima ya watu waliokuja kutazama kazi.

Watangazaji

Kwa mgeni hiki ni kipimo kizito kuliko anavyodhani, kwa sababu sauti ile ndiyo mwenyeji wako kwa saa tatu.

ROH inatangazwa kama mchezo wa kweli: nani alimshinda nani, mkono upi umeumia, ushindi huu utampeleka wapi kwenye foleni ya ubingwa. Sauti za miaka ya mwanzo zinakwaruza kidogo, ila hoja zinaeleweka. SHIMMER iko karibu na mtindo huo na kwangu ndiyo inayofundisha vizuri zaidi. Dave Prazak na Allison Danger, ambaye naye ni mwanamieleka, wanakueleza mtu katokea wapi, kafunzwa na nani na kwa nini anaushambulia mguu wa kushoto. Asiyejua jina hata moja hatapotea.

PWG ina Excalibur, mtu anayeyajua majina ya mitindo yote ya kubwaga duniani, na pembeni yake hukaa wanamieleka wanaopokezana maikrofoni usiku kucha. Kuna vicheko vingi, mizaha ya ndani kwa ndani, na matusi. Ukitazama na watoto, hii si diski ya sebuleni. CHIKARA nayo huwapa maikrofoni wahusika wake wenyewe. UltraMantis Black anatangaza kama UltraMantis Black, mtu wa njama, na inabidi ukubali kwamba mtangazaji ni sehemu ya igizo.

Je, diski inajitegemea?

PWG inajitegemea karibu kabisa. Uhasama upo, lakini pambano hukueleza lenyewe. Hasa Battle of Los Angeles, mashindano ya mtoano yaliyoanza mwaka 2005 na ambayo miaka mingi yalichukua usiku mbili au tatu: mshindi anasonga, aliyeshindwa anatoka, huhitaji maelezo zaidi.

ROH ina visa virefu, lakini ilikuwa na kifaa kimoja cha kusimulia ambacho bado nakihusudu. Wapiganaji walitakiwa kupeana mikono kabla ya pambano na baada yake. Basi. Mtu akiunyima mkono wake, akiuacha wa mwenzake ukining'inia hewani, umeshajua kila unachohitaji kujua kuhusu hao wawili, hata kama ndiyo mara yako ya kwanza kuwaona.

SHIMMER inatoka kwa juzuu zenye namba. Unaanza na Volume 1 na kwenda mbele, na ukiruka tatu unajua umeruka tatu. Nashangaa kwa nini kampuni nyingine hazikuiga utaratibu huo, maana majina ya maonyesho ya PWG, ambayo mengi ni mizaha, hayakwambii lipi lilitangulia.

CHIKARA ndiyo ngumu. Visa vyake vinaenda kama vitabu vya katuni, na majalada ya DVD zake mengi yamechorwa kwa kuiga majalada ya vitabu hivyo. Mbegu iliyopandwa msimu huu inaota miaka miwili baadaye. Tarehe 2 Juni 2013 walilivunja onyesho lao wenyewe katikati ya pambano kuu, kampuni "ikafungwa" kama sehemu ya hadithi, na haikurudi na onyesho chini ya jina lake hadi tarehe 25 Mei 2014. Aliyefuata tangu mwanzo aliumia moyo. Atakayeanzia hapo ataona watu wanaofukuzwa ukumbini bila kujua kwa nini. Kama unaitaka CHIKARA, mlango wake ni King of Trios, mashindano ya timu za watu watatu yaliyoanza mwaka 2007. Jua tu kanuni moja iliyotoka Mexico: mwenzako akishuka ulingoni na mguu wake ukagusa sakafu, unaruhusiwa kuingia bila kugusana mikono. Usipoijua utadhani refa amelala.

Mieleka yenyewe

Hapa naomba nikae kidogo na ROH, kwa sababu kuna jambo ambalo diski za nyumbani hulionyesha kuliko tiketi ya ukumbini.

Mwaka 2004 Samoa Joe alikuwa bingwa, mzito, mwenye kupiga kuliko wote, na mkanda ulikuwa kiunoni mwake tangu Machi 2003. CM Punk alimkabili Dayton, Ohio, tarehe 12 Juni, wakapigana dakika 60 na kutoka sare. Wakarudiana Chicago Ridge, karibu na mji wa kwao Punk, tarehe 16 Oktoba: dakika 60 tena, sare tena. La pili lilipewa nyota 5 na Meltzer, la kwanza kupata hivyo Marekani Kaskazini tangu 1997.

Angalia Punk anafanya nini. Anakikaba kichwa cha Joe ubavuni mwake na kukaa nacho. Joe anajinasua, Punk anakikamata tena. Mtazamaji wa mara ya kwanza anaweza kukasirika: mbona hawapigani? Lakini huyo ni mtu mwepesi anayejua kwamba hawezi kubadilishana mapigo na Joe, kwa hiyo anamnyima nafasi ya kupiga na kumfanya aubebe uzito wake kwa saa nzima. Ukiwa na kidhibiti mkononi, rudisha nyuma uangalie miguu ya Joe dakika ya 10, kisha dakika ya 45. Mwendo wa mguu umebadilika. Tarehe 4 Desemba walikutana mara ya tatu na Joe akashinda, lakini siku 22 baadaye alipoteza ubingwa kwa Austin Aries. Nani alimchosha? Hakuna diski inayolisema hilo wazi, na mimi nimeridhika kuamini nilichokiona.

Si ROH yote ni ya polepole. Pambano la watu sita la Dragon Gate, kampuni ya Japani, tarehe 31 Machi 2006, tena Chicago Ridge, linakwenda kwa kasi ambayo mara ya kwanza macho yangu yalishindwa kuifuata.

PWG ni kasi hiyo karibu kila usiku. Pambano la ngazi, ambalo mshindi ni anayepanda ngazi na kuuchukua mkanda ulioning'inizwa, la timu tatu la tarehe 21 Julai 2012, Young Bucks, Super Smash Brothers, na Adam Cole akiwa na Kyle O'Reilly, ndilo ninalowaonyesha watu wanaosema mieleka imekwisha. Na katika Battle of Los Angeles ya 2016, Will Ospreay, Ricochet na Matt Sydal dhidi ya Young Bucks na Cole ni dakika ishirini na kitu za watu kuruka pande zote za chumba. Kasoro ninayoiona ni hesabu ya mbili. Mtu anabwagwa kwa pigo ambalo kwingineko lingemaliza kazi, refa anapiga mkeka mara mbili kati ya tatu za kumaliza pambano, bega linainuka. Hilo likitokea kwa mara ya tatu unashtuka; kwa mara ya kumi na mbili umeshajua bega litainuka. Ukitazama mapambano mawili kwa siku hilo halikusumbui. Ukitazama onyesho zima kwa mkupuo linakusumbua.

CHIKARA watu huidharau kwa sababu ya vinyago na vituko: kuna timu ya sisimizi, The Colony, na kuna wakati wapiganaji wote wanageuka kwenda polepole kama picha iliyopunguzwa mwendo. Nyuma ya vinyago hivyo kuna mafunzo makali. Claudio Castagnoli, ambaye WWE ilimwita Cesaro, alipigana humo pamoja na Chris Hero. Quackenbush mwenyewe anafunga mikono na miguu ya mtu kwa mafundo ambayo unalazimika kusimamisha picha ili ujue mkono upi ni wa nani. Anayesema huu ni mchezo wa watoto hajatazama mpaka mwisho.

SHIMMER ilifanya jambo lililoonekana rahisi: iliwapa wanawake muda. Mwaka 2005 wanawake kwenye runinga kubwa walipata dakika chache. Huku Sara Del Rey, Mercedes Martinez, Cheerleader Melissa na MsChif walipewa nafasi ya kujenga pambano kutoka kabali ya kwanza hadi kusalimu amri. Mwaka 2006 msichana wa Ireland aliyejiita Rebecca Knox alipigana na Daizee Haze pambano la kushinda mara mbili kati ya tatu. Ulimwengu sasa unamwita Becky Lynch. Del Rey naye alikuja kuwa mkufunzi wa WWE, kwa hiyo anayetazama juzuu hizi anaona somo kabla ya wanafunzi.

Uchovu, na diski yenyewe

Maonyesho ya ROH yanakaribia saa tatu na yanataka akili yako. Gawanya kwa siku mbili. PWG inachosha macho. Juzuu za SHIMMER zilirekodiwa mbili kwa siku moja, kwa hiyo ukisikia umati umepoa usiwalaumu wapiganaji. Huenda watu wale wamekaa vitini tangu mchana. CHIKARA hubadilisha ladha kila pambano, ndiyo maana huisha kabla hujatazama saa.

Kabla ya kulipia diski iliyokwisha kutumika, omba uone upande wake wa chini. Rangi ya fedha maana yake ilichapwa kiwandani. Rangi ya zambarau maana yake ilichomwa kwa kompyuta, na kampuni ndogo nyingi zilifanya hivyo kupunguza gharama. Za zambarau huchakaa upesi na deki nyingine huzikataa. Moja yangu iliganda dakika ya 50 ya pambano la saa nzima, na sikuwahi kuuona mwisho wake mpaka nilipopata nakala nyingine. Ikifika, itazame yote wiki hiyohiyo, ukiwa bado unaweza kuirudisha.

Kwa hali yako

Kama unapenda michezo ya kweli, ndondi au judo, na unataka sababu ya kila pigo, ROH ya 2004 na 2005 imetengenezwa kwa ajili yako. Kama kwako picha safi ni lazima, ruka miaka ya mwanzo.

Kama umechoshwa na mapambano yanayokatizwa na matangazo na unataka marafiki wapige kelele sebuleni, chukua PWG, usiku mmoja wa Battle of Los Angeles, na mtazame mapambano manne tu.

Kama una watoto wanaopenda vinyago, au wewe mwenyewe hupenda hadithi ndefu, King of Trios ya CHIKARA. Ukiipenda, ndipo urudi nyuma na kufuata kisa kwa mpangilio.

Kama ndiyo kwanza unaingia, hujui mtu, na unataka kushikwa mkono, Volume 1 ya SHIMMER. Vivyo hivyo kama ulianza kupenda mieleka kupitia wanawake wa WWE wa leo.

Na kama umeshazitazama zote nne na bado hujui ununue nini, usinunue kampuni, fuata mtu mmoja. Castagnoli alipigana ROH, PWG na CHIKARA. Chagua diski moja yake katika kila kampuni, uzipange kwa tarehe, uangalie jinsi mtu yuleyule anavyopigana mbele ya umati wa Chicago Ridge, kisha mbele ya viti vinavyovutwa Reseda, kisha kati ya sisimizi.